TV Mezani au Ukutani? Njia Nne za Kuiweka Sebuleni

Ukiingia sebule nyingi za Dar es Salaam utakuta TV imetundikwa juu kabisa, kama picha ya Rais kwenye ofisi ya kata. Wageni wanatazama huku wamenyanyua videvu, na mpira ukifika mapumziko kila mtu anajikanda shingo. Ukimuuliza mwenye nyumba kwa nini iko kule, atakwambia fundi ndiye aliyeipandisha, au soketi ilikuwa hukohuko, au watoto. Sababu zote tatu ni za kweli, ila hakuna hata moja iliyoanza na mtu anayetazama.

Nimehama nyumba nne za kupanga kabla ya kujenga kibanda changu, na TV yangu ileile ya inchi 43 imeshakaa kila namna: mezani, kwenye breketi (chuma cha kushikia TV ukutani) isiyocheza, kwenye breketi inayoinama, na kwenye mkono wa kuvuta. Kila namna ilinifaa pahali fulani ikanichosha pengine. Hapa naziweka zote nne kwenye mizani moja, uone ipi inakaa kwenye sebule yako.

Vya kupima kabla ya kwenda dukani

Anza na ukuta. Watu huanza na TV, halafu breketi, halafu ndio wanagundua ukuta wao ni wa namna gani, tena wakati drili imeshazama. Toboa tundu dogo mahali patakapofichwa na TV, kisha tazama unga unaotoka. Sentimita moja au mbili za mwanzo ni lipu, hizo usizihesabu. Baada ya hapo, unga wa kijivu unaotoka kidogokidogo huku drili ikilalamika ni tofali zuri la saruji. Unga mwekundu ni tofali la kuchoma. Ukiona biti inazama yenyewe na tundu linazidi kupanuka, hilo ni tofali lililofyatuliwa kwa mchanga mwingi na saruji ya kuonjesha, na mitaani yapo tele. Unga mweupe una maana mbili. Ukuta ukilia kitupu unapougonga kwa kidole, ni jipsamu. Kama uko kwenye nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe wa Unguja, au Lamu, au Mombasa ya kale, hiyo ni chokaa: ukuta wa mawe ya matumbawe, mnene kupita kiasi lakini laini, na plagi fupi (kile kiplastiki cha kushikia skrubu ukutani) haina cha kushika humo.

Cha pili ni kimo cha macho. Mtu mzima aliyekaa kwenye sofa, macho yake huwa sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni. Aliyekaa kwenye mkeka au zulia, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za pwani, yake yako kwenye 80 hivi. Katikati ya kioo ndipo panapotakiwa kufika kwenye kimo hicho, au juu yake kidogo. Chukua futikamba, kaa unavyokaa siku zote (siyo unavyokaa mbele ya wakwe), mwambie mtu akupime.

Ukubwa nao unaingia hapohapo. Inchi za TV hupimwa kwa mshazari, kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili, na inchi moja ni sentimita 2.54. TV ya 43 basi ina mshazari wa sentimita 109. Kioo chake kina upana wa 95 na kimo cha 54. Ya 55 ina mshazari wa 140, upana wa 122 na kimo cha karibu 69. Wanaopenda kioo kijaze macho kama sinema huzidisha mshazari mara 1.6 kupata umbali wa kukaa: mita 1.75 kwa TV ya 43, mita 2.25 kwa ya 55, mita 2.65 kwa ya 65. Anayetazama chaneli za kawaida za king'amuzi, ambazo picha yake si kali sana, atasikia nafuu akirudi nyuma zaidi, hata mara mbili na nusu. Sebule ya mita 3 kwa 4, sofa zikishachukua sehemu yake, hubakiza mita mbili na kitu kati ya macho na ukuta. Fikiria hilo kabla muuzaji hajakuonyesha ile ya 75.

Kisha wanaokaa pembeni. Sebule zetu hupangwa sofa kwenye kuta tatu, kwa hiyo nusu ya familia inatazama kwa upande. Vioo haviko sawa katika hili: vya aina ya IPS hutunza rangi ukivitazama kwa ubavu, vya aina ya VA vina weusi mzito mtu akiwa mbele lakini hupauka akiwa pembeni. Usihangaike na maandishi ya kwenye boksi. Pale dukani, sogea hadi ubavuni mwa TV uangalie uso wa mtangazaji. Ukigeuka majivu, umeshajua.

Vilivyobaki ni vifaa vinavyoandamana na TV (king'amuzi, sabufa, gadi ya umeme), watoto, na kama nyumba ni yako au una mwenye nyumba.

Mezani

Ukuta: hauulizwi. Hata ukiwa wa mabati, TV itakaa.

Macho: meza nyingi za TV zina kimo cha sentimita 45 hadi 60. Weka TV ya 43 juu ya meza ya 50, ongeza miguu yake kama 5, katikati ya kioo panafika kwenye 82. Hapo mtu wa mkekani anaona vizuri kabisa, wa sofani anaangalia chini kidogo, jambo ambalo shingo inalivumilia kuliko kuangalia juu. Ukiwa na ya 55 kwenye meza hiyohiyo unafika kama 90. Kwa ufupi, meza ya kawaida hupatia kimo bila mtu kupiga hesabu, na fundi mwenye drili hukikosa.

Pembeni: unaigeuza kwa mikono miwili, mradi meza ni pana. TV nyingi za siku hizi zina miguu miwili inayokaa karibu na ncha, siyo kitako kimoja cha katikati, na mguu mmoja ukining'inia nje ya meza hata nusu, umeshaanza kutafuta balaa. Pima umbali wa miguu, usipime kioo peke yake.

Vifaa na waya: hapa meza haina mpinzani. King'amuzi chini, sabufa ubavuni, gadi kwenye soketi, na ukitaka kuchomeka flashi unapeleka mkono tu. Ila kama unaiingiza kwenye shokesi lenye kishubaka cha TV, acha nafasi ya kama sentimita 10 juu na pembeni, kwa sababu joto hutokea mgongoni. Na kile kitambaa cha kufuma kinachofunika TV kama bibi harusi, kitoe kabla ya kuwasha. Mama yangu hajawahi kunielewa kwenye hili.

Watoto: huu ndio udhaifu wake mkubwa. Zile TV za zamani zenye kisogo zilikuwa nzito, mtoto alisukuma akachoka. Bapa ni nyepesi na nyembamba, inaangukia mbele kwa kuguswa. Dawa ipo na ni rahisi: mkanda imara unaopita kwenye matundu ya breketi mgongoni mwa TV na kufungwa kwenye ukuta au nyuma ya meza. Meza yenyewe iwe nzito, na rimoti isikae juu ya TV, maana ndiyo inayomfanya mtoto apande.

Mfuko na kuhama: unalipia meza, basi. Siku ya kuhama unapakia kila kitu, na mwenye nyumba hana tundu la kukudai.

Inamfaa mpangaji, mwenye ukuta wa chokaa au wa mchanga, na familia ya mkekani.

Breketi isiyocheza

Hii ni ile bamba inayoibandika TV ukutani ikabaki na sentimita mbili hadi tano tu nyuma yake.

Ukuta: kati ya njia tatu za ukutani, hii ndiyo inayouonea huruma ukuta. TV ikiwa karibu, uzito wake karibu wote unashuka chini na skrubu hazivutwi nje. Nitarudi kwenye hesabu hiyo tukifika kwenye mkono.

Macho: ukishatoboa umeshatoboa. Kosa la sentimita 30 utakaa nalo miaka. Kata kipande cha boksi la TV kwa vipimo vya kioo, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi, ukae ukitazame jioni nzima. Watu wa nyumbani watakucheka, sawa.

Pembeni: haigeuki. Hapa ndipo aina ya kioo inapokuwa na uzito.

Vifaa na waya: angalia matundu ya HDMI (waya wa picha na sauti) na ya antena yako wapi. Yakiwa yanatazama ubavuni au chini, salama. Yakitazama nyuma moja kwa moja, waya utapindwa dhidi ya ukuta, na kila unapotaka kubadilisha kitu unashusha TV. Kuna na mtego mwingine ambao uliniumbua: soketi nyuma ya TV inaonekana nadhifu sana hadi unapochomeka gadi. Lile boksi pamoja na plagi ya pini tatu vinatoka nje kuliko nafasi iliyopo, TV haikai. Gadi ndiyo inayokinga TV pale umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, kwa hiyo usiitoe ili TV ikae, hamisha soketi. King'amuzi nacho kikifichwa nyuma ya TV hakitasikia rimoti, ndiyo maana walio wengi huishia kununua kameza hata hivyo.

Watoto: hapa ndipo inapong'aa. Mikono yao haifiki nyuma, na hakuna cha kuvuta.

Mfuko na kuhama: ndiyo breketi ya bei ndogo kuliko zote, lakini kuna fundi, kuna mfereji wa plastiki wa kufichia waya, na siku ya kuhama kuna kuziba matundu na kupaka rangi.

Tahadhari moja kwa watu wa pwani: ukuta wa nje unaolowa wakati wa masika hauifai. TV iliyobanwa kwenye unyevu, huku breketi ya chuma ikila chumvi, haidumu. Tumia ukuta wa ndani.

Inamfaa mwenye nyumba yake, sebule nyembamba ambayo meza inazuia njia, na walioketi kuikabili TV.

Breketi inayoinama

Ni ndugu wa ile ya kwanza, ila TV inaweza kuinamisha uso chini, kwa kawaida nyuzi 5 hadi 15.

Sababu ya kuinunua ni moja kubwa: TV ni lazima ikae juu. Labda chini yake kuna kabati refu, labda ni chumbani na mnatazama mkiwa mmelala, labda ni kinyozi au mgahawa na watu wanapita mbele. Ikiwa juu na imeinama, kioo kinakutazama wewe badala ya kutazama ukuta wa mbele yako. Pia hupunguza mng'ao wa dirisha na wa taa ya bomba, jambo linalosumbua sana sebule zenye madirisha makubwa. Haisaidii shingo kwa kiasi watu wanachodhani. Kidevu bado kinanyanyuka.

Ukuta unahitaji uimara kidogo zaidi ya ile tuli. Kwa wanaokaa pembeni hakuna tofauti, maana inainama juu na chini tu. Kwa waya ni nafuu kubwa: kuna nafasi ya ziada nyuma, unainamisha TV na mkono unapita kuchomeka HDMI. Watoto hawaifikii. Bei yake hupanda kidogo tu, na kama umeshaamua kutoboa, nyongeza hiyo ni ndogo kuliko nauli ya kumrudisha fundi.

Mkono wa kuvuta

Huu unatoka ukutani, unageuka kushoto na kulia, unakunjwa ukimaliza. Dukani humvutia kila mtu, na kwa sebule zetu za sofa tatu una sababu ya kweli ya kupendwa. Nyumba ya sebule na meza ya chakula kwenye chumba kimoja, mkono hukupa TV moja inayotazama pande mbili. Kwenye kona pia hauna mfano: TV inakaa mshazari bila kula nafasi ya sakafu.

Ila ukuta, hapa ndipo tusidanganyane. Chukua TV ya 55 yenye kilo 15, na bamba la ukutani ambalo skrubu za juu ziko sentimita 20 kutoka ukingo wa chini. Kwenye breketi tuli, uzito uko sentimita 5 kutoka ukutani. 15 mara 5 gawanya kwa 20, skrubu za juu zinavutwa nje kwa nguvu ya karibu kilo 3.75. Vuta mkono hadi sentimita 50: 15 mara 50 gawanya kwa 20, sasa zinavutwa kwa kilo 37.5. Mara kumi, na TV ni ileile. Ongeza mtoto mmoja anayening'inia. Tofali zuri la saruji na plagi ndefu hubeba hilo. Tofali la mchanga mwingi halibebi, na jipsamu tupu isijaribiwe kabisa, labda skrubu zifike kwenye mbao au fremu ya chuma iliyo nyuma yake.

Kwangu haikuanguka, ila asubuhi moja niliikuta imelala upande kama mlevi aliyeegemea nguzo. Fundi alikuwa ametumia plagi fupi zilizoishia kwenye lipu. Lipu ilikuwa inabanduka taratibu kila nilipovuta mkono, wiki tatu nzima, nami nikidhani ni rangi inapasuka.

Macho: kimo kinabaki kama kilivyotobolewa, lakini umbali unaubadilisha, jambo linalomsaidia mwenye sebule ndefu. Waya: acha urefu wa ziada, la sivyo siku utakayoigeuza utang'oa HDMI na tundu lake. Viungo hulegea, kaza kila baada ya miezi kadhaa. Watoto: hatari ya wastani, inategemea kama inakunjwa baada ya kutumika. Bei: ndiyo ya juu kuliko zote, na ule wa bei chee huinamia upande mmoja mapema.

Inawafaa wenye ukuta wa kuaminika na watazamaji waliotawanyika. Ambaye TV yake haitageuzwa zaidi ya siku ya kwanza ya kuonyesha majirani, ile inayoinama ingemtosha.

Ukishaamua kutoboa

Mgongoni mwa TV kuna matundu manne ya skrubu. Pima umbali wake kwa milimita, mlalo kwanza halafu wima: 200 kwa 200, 400 kwa 400, na kadhalika. Kipimo hicho huitwa VESA, kwa jina la chama cha viwango kilichokipanga, na ndicho kinachoamua breketi gani inakubali TV yako. Inchi zilizoandikwa kwenye boksi la breketi ni makadirio, soma kilo. Skrubu za kuingia kwenye TV zisiwe ndefu kupita tundu, maana mbele ya tundu kuna kioo.

Waya za umeme ukutani kwa kawaida hushuka wima kutoka juu hadi kwenye soketi na swichi. Usitoboe juu wala chini ya soketi kwenye mstari wake, na zima meni swichi kwanza. Plagi, zile mafundi wanaziita fisha, ziingie zote ndani ya tofali baada ya lipu. Mwishoni weka pima maji juu ya bamba, siyo juu ya macho ya fundi.

Kwa hali yako

Umepanga na mkataba ni wa mwaka: mezani, na mkanda nyuma. Kama meza haina nafasi, omba ruhusa kwa maandishi kabla ya drili.

Mna mtoto anayejifunza kutembea na ukuta ni mzuri: breketi tuli au inayoinama, na king'amuzi kwenye rafu ya juu.

Ukuta ni chokaa ya zamani au tofali linalomwagika: mezani. Ukitaka lazima iwe ukutani, muite fundi anayejua kuta hizo, atumie nanga ndefu, na TV iwe nyepesi. Mkono wa kuvuta usahau.

Chumbani, mnatazama mmelala: inayoinama, juu kidogo ya kimo cha sofani.

Sebule na chakula pamoja, ukuta wa saruji: mkono, ila jaribu kwanza kioo dukani kwa ubavu. Kikishika rangi, huenda breketi tuli ikatosha na ukabakiza pesa ya sabufa.

Mnakaa mkekani na wageni wanakaa sofani: mezani, kimo cha 50 hadi 60. Huo ndio mpangilio ambao TV yangu ipo hivi sasa, na bibi anayekaa chini ndiye pekee asiyelalamika.